Hermann Muller: Mfuga nzi aliyefungua njia ya kumshinda mbung'o

WAFUGAJI wa Katavi wanamjua mbung'o kuliko wanavyomjua mdudu mwingine yeyote. Kuanzia Inyonga hadi Mishamo, na kutoka Nsimbo hadi kando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mwenye ng'ombe hupanga malisho yake, safari zake na hata matumizi ya fedha zake kwa kumwangalia mdudu huyo. Ng'ombe akikonda, manyoya yakisimama, maziwa yakikatika na mimba zikitoka, wa kwanza kushukiwa ni mbung'o na ugonjwa wake wa nagana.

Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kusikia jina la Hermann Joseph Muller, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1967. Muller hakuwa mfugaji wala daktari wa mifugo. Kazi yake kubwa ilikuwa kufuga nzi wadogo ndani ya chupa, wale wale wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi sokoni Mpanda, kuwapiga eksirei na kuhesabu watoto wao.

Kazi hiyo, ambayo kwa macho ya mtu wa kawaida haina faida yoyote, ndiyo iliyozaa njia iliyotumika kumfuta mbung'o katika kisiwa cha Unguja katika miaka ya 1990. Makala haya yanaeleza maisha ya mtu huyo, alichokigundua, na kwa nini mfugaji wa Katavi anapaswa kukielewa kabla hajaahidiwa mambo makubwa au kutishwa bure.

Mtoto wa ukoo wa mafundi

Muller alizaliwa jijini New York tarehe 21 Desemba 1890. Babu yake alitoka Ujerumani akaanzisha biashara ya kufua na kusubu vyombo vya shaba vya mapambo. Baba yake aliiendeleza, lakini alifariki mwaka 1900, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa tu. Familia ikabaki na kipato kidogo.

Kijana alikuwa na akili shuleni. Mwaka 1907, akiwa na miaka 16, alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia. Ufadhili haukutosha mahitaji yote, hivyo wakati wa likizo alifanya kazi za kupeleka nyaraka za benki na ya ukarani hotelini. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1910, akaendelea na masomo ya juu huku akifanya vibarua vya kufundisha.

Columbia wakati huo kulikuwa na profesa aitwaye Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa na chumba kidogo kilichojaa chupa za nzi wa matunda. Wanafunzi wake wachache, Muller akiwamo, walikuwa wakitafuta jibu la swali ambalo kila mfugaji hujiuliza anapochagua fahali: sifa za mzazi zinafikaje kwa mtoto?

Walichagua nzi kwa sababu za kiuchumi kabisa. Ng'ombe huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, naye huzaa ndama mmoja. Nzi wa matunda huchukua siku kama 10 tu kutoka yai hadi mtu mzima, jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na chakula chake ni uji mdogo ndani ya chupa. Kwa gharama ya ng'ombe mmoja unaweza kusoma vizazi vingi vya maelfu ya nzi.

Daftari ndani ya seli

Ili kuelewa alichokifanya Muller, tuanze na seli. Mwili wa kiumbe chochote, awe nzi, ng'ombe au binadamu, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46, ng'ombe ana 60, na nzi wa matunda ana nane tu. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni, kama shanga kwenye uzi, na jeni ndizo zinazobeba maagizo ya namna ya kuujenga mwili.

Mfanyabiashara anaweza kuiona kromosomu kama daftari la duka. Ukitaka kufungua tawi jipya, unanakili daftari lote, nakala moja inabaki na nyingine inakwenda tawini. Seli nayo, kabla haijagawanyika kuwa mbili, hunakili kromosomu zake zote. Halafu kila kromosomu hushikwa mahali pamoja maalumu na kuvutwa, nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Kila seli mpya huondoka na seti kamili. Tawi likifunguliwa na daftari lililochanika, duka halitafika mbali.

Kundi la Morgan lilithibitisha kwamba jeni hukaa juu ya kromosomu. Muller alichangia mawazo mengi katika kazi hiyo, ingawa aliamini hadi mwisho kuwa hakupewa sifa alizostahili, jambo lililomwachia kinyongo. Mwaka 1915 alikwenda kufundisha Houston, mwaka uliofuata akatunukiwa shahada ya uzamivu, akarejea Columbia kwa muda mfupi, na mwaka 1920 akahamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin.

Eksirei ya Texas

Tatizo lililomsumbua Muller lilikuwa hili. Mara chache sana, bila sababu inayoonekana, jeni moja hubadilika na mtoto huzaliwa na sifa ambayo wazazi hawana. Mabadiliko hayo ndiyo mali ghafi ya mbegu mpya zote duniani. Lakini yalikuwa nadra kiasi kwamba mtafiti angeweza kuhesabu maelfu ya nzi kwa miezi na kupata machache tu.

Mwishoni mwa mwaka 1926 alianza kuwaweka madume ya nzi mbele ya mashine ya eksirei kwa vipimo tofauti, kisha kuwapandisha kwa majike ambayo hayakupigwa mionzi. Eksirei ilikuwa imegunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Röntgen, na hospitali zilikwisha kuizoea. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwa hesabu ya uhakika kwamba inabadilisha urithi.

Muller aliandaa aina maalumu ya nzi ili kurahisisha hesabu. Iwapo mionzi ilikuwa imeharibu jeni muhimu katika kromosomu moja ya dume, basi katika kizazi cha wajukuu chupa ingekuwa na majike matupu, madume wote wakiwa wamekufa kabla ya kukua. Hivyo hakuhitaji kumchunguza nzi mmoja mmoja. Aliinua chupa, akaitazama, na kama haina madume, amepata jibu.

Majibu yalikuwa makubwa kuliko alivyotarajia. Chini ya kipimo kikubwa cha mionzi, mabadiliko ya jeni yaliongezeka takriban mara 150 kuliko kawaida. Alichapisha taarifa yake mwaka 1927, na mwaka huo huo akawasilisha takwimu mbele ya mkutano wa wataalamu wa urithi mjini Berlin. Karibu wakati huo huo, Mmarekani mwingine, Lewis Stadler, akifanya kazi peke yake, alipata matokeo yanayofanana katika shayiri na mahindi. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa kutumia mionzi kutengeneza mbegu mpya za mazao.

Kwa nini nzi anaishi na mtoto anakufa

Katika chupa zake Muller aliona aina mbili za uharibifu. Aina ya kwanza ni jeni moja kubadilika, kama tarakimu moja iliyoandikwa vibaya kwenye daftari. Aina ya pili ni kromosomu yenyewe kukatika vipande.

Hiyo ya pili ndiyo inayomhusu mfugaji. Kromosomu ikikatika, ncha mpya iliyo wazi haitulii. Hutafuta ncha nyingine iliyokatika na kugandana nayo. Muller aligundua kwamba ncha za asili za kromosomu hazifanyi hivyo, ni kama ncha ya kamba ya kiatu iliyozibwa ili isifumuke. Mwaka 1938 alizipa ncha hizo jina la telomea, jina linalotumika hadi leo.

Sasa fikiria kromosomu mbili zilizokatika zikagandana kuwa moja, yenye mahali pawili pa kushikwa badala ya pamoja. Seli inapogawanyika, huweza kuvutwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kama kamba katika mashindano. Inanyooka katikati kama daraja, kisha inakatika tena. Seli moja hupata zaidi, nyingine hupungukiwa. Vipande vingine havina pa kushikwa, hivyo hupotea. Ncha mpya zilizokatika hugandana tena, na katika mgawanyiko unaofuata balaa linarudi. Barbara McClintock, mtafiti wa Marekani, aliona mzunguko kama huo kwa hadubini katika mahindi.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Mbegu ya dume aliyepigwa mionzi bado ina uhai, inaogelea na kuingia ndani ya yai. Lakini imebeba kromosomu zilizokatika. Yai linaanza kugawanyika, seli mbili, nne, nane, na kila mgawanyiko unaongeza hasara. Kiinitete kinakufa mapema.

Je, dume mwenyewe mbona hafi? Kwa sababu mionzi huumiza zaidi seli zinazogawanyika. Nzi aliyekwisha kukomaa hakui tena, na seli nyingi za mwili wake, za mabawa, macho na misuli, haziendelei kugawanyika. Anaruka, anakula na kutafuta jike. Kipimo kikiwa kidogo mno, baadhi ya watoto watapona. Kikizidi, dume atalegea na kushindwa na madume wa porini. Kazi ya mtaalamu ni kupata kipimo cha katikati.

Berlin, Moscow na Hispania

Umaarufu haukumletea Muller raha. Alikuwa mtu wa siasa za mrengo wa kushoto, akasaidia gazeti la siri la wanafunzi, na vyombo vya usalama vikamfuatilia. Ndoa yake ya kwanza ililegalega. Mapema mwaka 1932 alielemewa na mfadhaiko kiasi cha kujaribu kujiua. Alipona, na mwaka huo akaondoka kwenda Berlin.

Ujerumani nako hakukukalika. Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka. Muller akapokea mwaliko wa Nikolai Vavilov, mtaalamu mkubwa wa mazao wa Urusi ya Kisovieti, mtu aliyesafiri nchi nyingi kukusanya mbegu za ngano, mahindi, kunde na mazao mengine. Alikwenda Leningrad, baadaye Moscow, na kwa miaka michache akaongoza utafiti wa nzi wenye vifaa na watu wa kutosha.

Huko alikutana na Trofim Lysenko. Lysenko aliwaahidi viongozi kwamba kwa kulowesha na kubaridisha mbegu, mavuno yangepanda haraka na tabia ya zao ingebadilika kwa kudumu. Alidai jeni ni hadithi ya mabepari. Hakutaka majaribio yenye shamba la kulinganisha. Desemba 1936, katika mkutano wa wataalamu wa kilimo mjini Moscow, Muller alisimama hadharani kumpinga.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Wenzake wawili waliowahi kufanya naye kazi Texas, Israel Agol na Solomon Levit, walikamatwa na kuuawa. Mwaka 1937 Muller alipata njia ya kuondoka kwa heshima kwa kujitolea katika vita vya Hispania, alikosaidia kazi ya kuongeza damu kwa majeruhi. Kisha akaenda Edinburgh, Uingereza, alikofundisha hadi mwaka 1940 na kuoa mara ya pili. Vavilov alikamatwa mwaka 1940, akafia gerezani mwaka 1943. Mwaka 1948 elimu ya jeni ilipigwa marufuku rasmi katika nchi hiyo, na kilimo chake kikachelewa kwa miaka mingi.

Mkulima anayeuziwa leo mbolea ya ajabu bila kuonyeshwa shamba la majaribio anapaswa kuikumbuka habari hii.

Hata hivyo, si vyema kumpamba Muller kupita kiasi. Yeye mwenyewe aliamini kwamba binadamu wanaweza kuboreshwa kwa kuchagua mbegu za wanaume wenye sifa, kama tunavyochagua fahali, na mwaka 1936 alimwandikia Stalin kumshawishi. Ingawa alipinga ubaguzi wa rangi na wa matabaka uliofanywa kwa jina la elimu ya urithi, fikra hiyo ilibaki kuwa doa. Aliyegundua ukweli kuhusu nzi hakuwa lazima awe na busara kuhusu watu.

Tuzo na onyo

Muller alirejea Marekani mwaka 1940, akafundisha Chuo cha Amherst, na mwaka 1945 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wake wa mwaka 1927. Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa yamelipuliwa mwaka mmoja tu kabla, na dunia nzima ilikuwa ikijiuliza mionzi inafanya nini kwa mwili.

Aliitumia nafasi hiyo kuonya. Aliwataka madaktari wasitumie eksirei ovyo, wawakinge wagonjwa na wajikinge wenyewe, kwa kuwa kinachoharibu kromosomu za nzi kinaharibu pia za binadamu. Alipinga majaribio ya mabomu hewani. Mwaka 1955 alitia saini tamko la wanasayansi lililoongozwa na Bertrand Russell na Albert Einstein dhidi ya vita vya nyuklia. Mwaka huo huo serikali ya nchi yake ilizuia mada yake isisomwe katika mkutano wa kimataifa wa Geneva kuhusu matumizi ya amani ya nguvu za atomiki.

Barua ya mwaka 1950

Wakati huo, mtaalamu wa wadudu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Edward Knipling, alikuwa akihangaika na inzi ambaye mabuu wake hula nyama ya ng'ombe aliye hai kupitia kidonda. Kwa miaka mingi alikuwa na wazo: kama madume wengi wasiozalisha wangeachiwa porini, majike wangepoteza uzazi wao. Alichokosa ni namna ya kuwahasi mamilioni ya inzi.

Mwaka 1950 wazo la Knipling lilikutana na maandishi ya Muller kuhusu madhara ya mionzi. Knipling akamwandikia Muller kuuliza kama inawezekana, naye akajibu kwamba inawezekana. Majaribio ya kwanza yalifanyika Texas, jimbo lile lile, kwa mashine ya eksirei ya hospitali. Mwaka 1954 inzi huyo alifutwa katika kisiwa cha Curaçao, na baadaye Marekani yenyewe, Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Libya nayo, iliyovamiwa mwaka 1988, iliokolewa kwa inzi tasa walioletwa kwa ndege kutoka Mexico.

Muller alistaafu mwaka 1964 na kufariki tarehe 5 Aprili 1967 mjini Indianapolis, akiwa na miaka 76. Aliishi kuyaona mafanikio ya kwanza. Ya Unguja hakuyaona.

Hesabu ya madume tasa

Tuchukue mfano mdogo. Porini kuna majike 1,000 na madume 1,000, na kila jike kwa wastani huacha jike mmoja nyuma yake. Ukiachia madume tasa 9,000, dume mmoja tu kati ya kumi ndiye mzima. Kwa hiyo ni majike 100 tu watakaozaa, na kizazi kijacho kitakuwa na majike kama 100 na madume 100. Ukiachia tena madume tasa 9,000, sasa mzima ni mmoja kati ya 91. Atabaki jike mmoja hivi.

Linganisha na dawa ya kuua. Dawa inayoua tisa kati ya kumi hushusha majike 1,000 hadi 100, kisha 10, kisha mmoja, lakini kila mara lazima upulizie eneo lote kwa gharama ile ile, hata kama wadudu wamebaki wachache. Kwa hiyo dawa ni rahisi mwanzoni na ghali mwishoni. Madume tasa ni ghali mwanzoni na yenye nguvu mwishoni, kwani hutafuta majike wa mwisho wao wenyewe. Mwenye busara huanza na dawa na mitego, halafu humalizia na madume tasa.

Mbung'o anafaa sana kwa njia hii. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani na kuhifadhi mbegu tumboni. Hatagi mamia ya mayai. Hubeba buu mmoja kwa wakati, humlisha kwa maziwa yake ndani ya mwili, na humzaa kila baada ya siku tisa au kumi. Akipandwa na dume tasa, amepoteza uzazi wake wote.

Kutoka Shinyanga hadi Unguja

Tanganyika ilikuwa mstari wa mbele katika wazo hili hata kabla ya mionzi. Katika miaka ya 1940, mtafiti F. L. Vanderplank wa kituo cha mbung'o cha Shinyanga alikusanya pupa za aina moja ya mbung'o na kuwaachia katika eneo la aina nyingine. Aina hizo mbili zikipandana huzaa kidogo, na watoto wao huwa tasa au dhaifu. Idadi ya mbung'o wa pale ilishuka sana. Huko Moscow, Aleksandr Serebrovsky, rafiki wa Muller ambaye alipelekewa naye nzi wa utafiti mwaka 1922, alipendekeza mwaka 1940 kutumia kromosomu zilizovunjika na kuunganishwa upya ili kupunguza wadudu waharibifu. Kila mmoja alifika kwenye wazo hilo kwa njia yake.

Kwa upande wa mionzi, kazi kubwa nchini ilifanywa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana. Mbung'o walifugwa kwa mamia ya maelfu, wakalishwa damu kupitia ngozi ya bandia, na madume wakapigwa mionzi ya gama.

Unguja kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o, aitwaye kitaalamu Glossina austeni. Kwanza, kuanzia mwaka 1988, ng'ombe walipakwa dawa na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa vichakani, wadudu wakapungua. Kisha, kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, madume tasa wapatao milioni nane waliachiwa kwa ndege, kwa ushirikiano wa serikali, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na wadau wengine. Mbung'o wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Wafugaji wakaanza kuweka ng'ombe wa maziwa wa kisasa mahali ambapo zamani wasingeishi.

Je, Katavi inawezekana?

Hapa ndipo sisi wachumi wa kilimo tunapopaswa kusema ukweli. Unguja ni kisiwa chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,600, kimezungukwa na bahari ambayo mbung'o hawezi kuivuka. Katavi imezungukwa na miombo. Ukisafisha vijiji vya Mlele leo, mbung'o wa hifadhini na wa misitu ya Tabora watarudi kesho. Pia sisi tuna zaidi ya aina moja ya mbung'o, na kila aina inahitaji kufugiwa madume wake yenyewe.

Jaribio la Mkwaja, mkoani Tanga, katika miaka ya 1970, lilionyesha jambo hilo. Mbung'o walipungua sana katika ranchi hiyo, lakini hawakuisha, kwa kuwa wengine waliendelea kuingia kutoka nje. Hata Amerika ya Kati, inzi wa vidonda alivuka kizuizi cha Panama mwaka 2023 na kufika Mexico mwishoni mwa 2024, baada ya miongo ya ushindi. Uzio ukilegea, hasara inarudi.

Historia yetu wenyewe inatukumbusha uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na malale. Vijiji vilivyoachwa vilirudi kuwa pori, na mbung'o akajipatia makao mapya.

Tukumbuke pia kwamba si kila mtu Katavi anapoteza kwa sababu ya mbung'o. Mrina asali wa Inyonga ananufaika na msitu ambao ng'ombe hawajauingia. Mpango wowote wa kumwondoa mbung'o bila mpango wa matumizi ya ardhi utahamisha hasara kutoka kwa mfugaji na kumpelekea mfuga nyuki.

Kwa hiyo kwa sasa silaha za mfugaji wa Mpanda ni zile zilizo karibu: kuogesha au kupaka ng'ombe dawa ya mbung'o kwa ratiba, vitambaa vya bluu na nyeusi vyenye dawa katika njia za kunyweshea maji, dawa ya nagana kwa kipimo sahihi kulingana na uzito wa ng'ombe, na kijiji kizima kufanya kwa pamoja. Anayeogesha peke yake anawafugia jirani zake mbung'o.

Na siku mradi wa madume tasa ukifika, hakuna haja ya kuogopa. Mbung'o aliyepigwa mionzi habaki na mionzi mwilini, kama mtu aliyepigwa picha ya eksirei asivyobaki nayo. Hawezi kumfanya ng'ombe wala binadamu kuwa tasa. Alichobeba ni kromosomu zilizovunjika, na hizo huenda kwa mbung'o jike peke yake.

Maswali ya kuuliza ni mengine. Eneo limezungukwa na nini? Wadudu wameshapunguzwa kwanza kwa mitego na dawa? Ni aina zipi za mbung'o zilizopo? Nani atalipia uzio baada ya wafadhili kuondoka? Mradi usiokuwa na majibu ya maswali hayo usipewe ardhi wala mchango wa kijiji.